Siafu Bila Kuku

Nilipoolewa na kuletwa Kolwezi nilikuwa na ujuzi wa mambo mawili: kusonga bukali, yaani ugali, usio na madonge, na kupigana na wadudu. Hilo la pili nililitoa kwetu, upande wa Musumba, ambako mama yangu hakumvumilia hata nzi mmoja mezani. Kwa hiyo siku nilipoingia katika nyumba yetu ya kambi ya mgodi, nyumba ya vyumba viwili iliyochangia ukuta na ya jirani, sikutazama pazia wala kabati. Nilitazama sakafu. Mstari wa sisimizi ulianzia juu, kwenye tundu la waya wa umeme katika ule ukuta wa kuchangia, ukashuka nyuma ya kabati, ukapita chini ya meza na kuishia ndani ya kopo la sukari. Walitembea bila wasiwasi, kama wafanyakazi wanaotoka zamu.

"Hizi bidudu zinatokaka wapi?" nikamwuliza mume wangu.

"Kwa jirani," akasema, akaendelea kunywa chai. Alikuwa karani, mtu mpole, na alikuwa ameishi na sisimizi hao miaka yote ya ukapera bila kugombana nao.

Jirani alikuwa mwanamke aliyenizidi umri kidogo, mnene wa mikono na mwepesi wa kucheka, aliyekaanga maandazi kila asubuhi na kuyauza kwenye lango la kambi. Babu wa mume wake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Baba mkwe alizaliwa hapa, mume alizaliwa hapa na kufanya kazi kwenye mgodi wa Mutoshi, na yeye mwenyewe alizaliwa mtaa wa pili kutoka pale tulipokaa. Nilimwita Yaya, kama dada mkubwa, ingawa mwanzoni nilimwita hivyo nikiwa nimeuma meno.

Kwetu dawa ya sisimizi ni majivu. Unayachekecha mpaka yawe laini, unayamwaga kwa mstari mwembamba mahali wanapopita, nao wanageuza. Nikamwaga. Kesho yake upande wangu ulikuwa safi, na nyuma ya ukuta nikasikia Yaya anapigapiga meza na kulalamika, maana jeshi zima lilikuwa limerudi kwake. Yeye hakuwa na imani na majivu. Alisugua ukuta kwa maganda ya ndimu na kufunga miguu ya meza kwa vitambaa vilivyolowa mafuta ya taa. Wakarudi kwangu. Mimi nikanyunyiza maji ya tumbaku. Yeye akamimina pilipili ya kusaga kwenye lile tundu la waya, na sote, huku na huku, tukapiga chafya mpaka chakula kikaungua.

Tulikutana uani, kila mmoja na machozi yake.

"Yaya, hizi bidudu ni zako," nikamwambia. "Zinatoka kwako, mu sukari ya maandazi yako."

"Zinazaliwa kwangu, ni kweli," akasema, akijifuta macho kwa kitenge. "Lakini zinakulaka kwako. Sasa ni za nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi mkubwa, wa kuita watu. Badala yake nilicheka, naye akacheka, na nikicheka na mtu siwezi tena kumchukia, ndiyo tabia yangu. Tukakubaliana. Tangu siku hiyo tulimwaga majivu pande zote mbili kwa wakati mmoja, na Yaya akaweka kibonge cha unga wa sukari nje, chini ya mparachichi, ili wale wadudu wawe na pa kwenda. Mimi nilisema huko ni kuwafuga. Yeye alisema mtu akishiba kwake haji kwako. Na kweli, kabati langu lilipumzika.

Baada ya hapo tulikuwa kama wanawake wa nyumba moja. Mende tuliwachanganyia unga, sukari na saruji, wakala wakajaa zege tumboni. Mlangoni tulipanda mchaichai kwa ajili ya mbu, ingawa nadhani mbu waliupenda. Kiangazi kilipoanza tulitoa vitanda vyote juani, tukamimina maji ya moto yenye sabuni kwenye viungo vya mbao, kunguni wakaelea, na mtaa mzima ukafanya hivyo siku hiyohiyo, kwa nyimbo na matusi ya mchezo. Kama kuna raha kubwa kuliko kumwona kunguni wa jirani yako ni mkubwa kuliko wako, mimi sijaipata.

Siafu ndio pekee tusiowapigia vita. Kwenye mvua walitoka kwa mkupuo, wekundu, maelfu kwa maelfu, wakaingia nyumba waliyoichagua wenyewe. Siafu wakikuingilia hubishani nao. Unamchukua mtoto, unachukua unga na chumvi, unatoka. Unachomeka tawi bichi mlangoni ili watu wajue, unazungusha majivu kuzunguka nyumba ili wasiende kwa jirani, kisha unakaa nje na kupumzika kama bibi arusi. Hakuna anayegusa mlango wenye tawi, hata mwizi. Wakimaliza kazi yao wanaondoka, na unarudi katika nyumba isiyo na mende hata mmoja, wala panya, wala yai la kunguni. Yaya alikuwa akiwaita mafundi wa bure.

Adui yetu wa pamoja alikaa ng'ambo ya barabara. Tulimwita Mama Kuku, si mbele yake. Alikuwa mjane mwembamba, mwenye mdomo mkali na kuku wengi wasio na adabu. Tukimwaga majivu, kuku wake wanakuja kuoga vumbi ndani yake. Tukiweka kibonge cha sisimizi, wanakidonoa. Yaya aliwahi kumrushia jogoo wake ndala, ikampata, na tangu hapo wale wawili walisalimiana kanisani tu, kwa sababu ya padri.

Halafu mambo yakaharibika. Kampuni ya mgodi ilianza kulipa nusu, ikalipa kwa kuchelewa, kisha haikulipa. Sukari ikawa kitu cha kuonyeshwa wageni, na sisimizi wenyewe wakakonda. Hayo tungeyavumilia, maana umaskini tuliupata sote. Lakini zikaja hotuba. Watu walianza kusema wazi kwamba waliotoka Kasai warudi kwao, na vijana wenye fimbo wakapita nyumba kwa nyumba wakiwapa watu siku ya kutoka. Nilimwona mwanaume aliyezeeka mgodini akitoa kitanda chake barabarani, na watu niliosali nao wakimtazama. Nilikasirika nikashindwa kula. Yaya alikuwa na swali moja tu: "Kwetu ni wapi, kama haiko hapa?"

Stesheni ilijaa watu. Walilala kwenye matope kando ya reli, chini ya maturubai na mabati, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itafika lini. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku, na kila siku tulisikia kwamba watoto wanaugua kuhara huko, wadogo zaidi ndio wanaokwenda haraka.

Na wiki hiyohiyo Yaya alijifungua. Alikuwa amengoja mtoto huyo miaka mingi, amekunywa kila mzizi na kusali kila novena, na watu walikuwa wameshaacha kumwuliza. Mtoto alikuwa msichana mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mume wake alitangulia stesheni na magodoro na masanduku ili kushika nafasi. Yaya alikaa na mtoto kifuani, hataki kusogea.

"Mi siendi kulalisha mutoto mu matope," akaniambia. "Treni ikifika, nitaenda. Mbele ya ile, hapana."

"Na bale bavijana?"

"Beko banakuja kesho kuona kama tulitoka."

Sikuweza kumchukua kwangu, kwa sababu walikuwa wanafungua hata nyumba za waliosemekana kuficha watu, na jirani wa ukuta ndiye wa kwanza kushukiwa. Nilikaa uani nikifikiri, na niseme ukweli, niliogopa. Macho yangu yakaangukia rundo la majivu tuliyoyachekecha pamoja wiki ile. Hapo ndipo wazo lilinijia, na lilinipendeza hata nikacheka peke yangu.

Tulifanya kazi mchana kweupe. Mume wangu, yule mpole, alitoa tofali moja chini ya tundu la waya, mahali sisimizi walipozoea kupita, akilegeza kwa bisibisi na nyundo. Ili watu wasisikie nyundo niliwasha redio, na redio ilipoishiwa betri nikaanza kumgombeza kwa sauti. Nilimwita mvivu, mlafi, mtu asiyejua hata kupigilia msumari. Nilimgombeza vizuri sana, na mambo mengine yalikuwa ya kweli. Alikuwa anagonga huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Tofali likatoka. Tulipolirudisha, kabati langu lililifunika. Yaya akafunga milango na madirisha kwa ndani. Mimi nikachomeka tawi bichi la mparachichi kwenye mlango wake wa mbele, nikazungusha majivu nyumba nzima, mazito, kisha nikatoka barabarani nikirukaruka na kupiga miguu yangu kama mtu aliyeumwa.

"Siafu," nikawaambia waliopita. "Banaingia kwa Yaya. Bahati yake, alishaendaka ku gare, kungoja treni."

Watu wakapiga hatua kando. Nilijiona fundi.

Tatizo lilikuwa sauti ya mtoto. Alipoanza kulia, nilichukua kinu nikakiweka karibu na ukuta, nikatwanga sombe, majani ya muhogo. Kinu kizito kinatikisa nyumba, na ndani ya kishindo kile kilio cha mtoto mchanga hakisikiki. Akinyamaza, napumzika. Akianza, natwanga. Nilitwanga sombe iliyokwisha twangwa mpaka ikawa kama rangi ya kupaka mlango, na mume wangu akaila bila kuuliza neno.

Kesho yake vijana wakaja. Kiongozi wao wa mtaa wetu alikuwa mtoto wa Mama Kuku, kijana mrefu niliyezoea kumwona akimfungulia mama yake banda. Wenzake waliona tawi na majivu wakasimama mbali. Yeye alisogea. Alitazama mlango, akatazama chini, akazunguka kona moja, akarudi. Kisha akauliza swali ambalo mimi, fundi mzima wa wadudu, sikuwa nimelifikiria.

"Kama ni siafu, kuku ziko wapi?"

Alikuwa amelelewa na kuku, hakika angejua. Siafu wakiingia nyumba, mende wanakimbia kupitia kila ufa, na kuku wa mtaa mzima wanajipanga kuzunguka nyumba kama watu wa harusi wanaosubiri sahani. Kamwe huoni siafu bila kuku. Na kuku tuliokuwa tukiwafukuza miaka yote kwenye majivu yetu, siku hiyo ya pekee hawakuwapo.

Mtoto akaanza kulia ndani. Nikakamata mchi nikatwanga. Yule kijana aligeuka akanitazama, nami nikatwanga nikitazama ndani ya kinu, jasho likinidondoka kwenye sombe.

Hapo Mama Kuku akatoka kwake. Hakuwa na haraka. Alishika kikapu kiunoni, akavuka barabara, akafika kwenye kizingiti cha Yaya, akamwaga viganja viwili vya pumba palepale chini ya mlango, kwa namna ambayo mwili wake uliwakinga vijana wasione. Kisha akalia ile sauti yake ya kuita kuku, ambayo tuliichukia. Alikuwa ameshafungua banda. Walikuja wote, wakubwa na vifaranga, na jogoo yule wa ndala mbele, wakajazana mlangoni wakidonoa na kupigana.

"Nilizifungia," akamwambia mtoto wake. "Siafu zingekula bifaranga byangu. Sasa ona, zinakula mende. Unataka kuingia? Ingia. Lakini uko mukubwa, mi sitakutoa siafu mu suruali."

Wenzake wakaangua kicheko. Kijana alimtazama mama yake, akatazama kuku, akatema mate pembeni na kuondoka. Mpaka leo sijui kama aliamini, au alikubali tu kuamini. Mama Kuku aliwangoja wapotee kwenye kona, kisha akaja hadi kwenye kinu changu na kuchungulia.

"Hii sombe umeiua," akasema. "Na unatwanga mubaya. Mutu mwenye anatwangaka chakula, hakimbiaki vile. Twanga pole, mutoto atalala."

Nilikaa chini nikalia, kisha nikacheka, vyote pamoja. Yeye hakuketi nami. Alisema tu kwamba siafu bila kuku ni jambo la aibu, na kwamba tulipaswa kumwuliza tangu mwanzo.

Siku zilizofuata zilikuwa za hatari, na bado nazikumbuka kama siku nzuri. Kila asubuhi Mama Kuku alileta kuku kazini, na mtu yeyote aliyepita aliona nyumba iliyojaa siafu. Yai lilikuja ndani ya mfuko wa aproni yake, likapita kwenye shimo la tofali, na nyuma ya ukuta sauti ikasema, "Mwambie aksanti, na ya ile ndala anisamehe." Nikapeleka ujumbe. Mama Kuku akajibu kwamba jogoo bado anachechemea, jambo ambalo halikuwa kweli. Vitambaa vya mtoto vilikuja kwangu vichafu na kurudi vikavu. Chakula kilikwenda. Sisimizi nao walirudi, wakakuta njia imepanuliwa, wakapita katikati ya mikono yetu na hatukuwamwagia chochote. Yaya alisema wacha wapite, angalau wao wana ruhusa ya kwenda pande zote. Mtoto akilia nilitwanga, sasa polepole, kwa kufuata shauri la Mama Kuku, na alikuwa ananyamaza kabla sombe haijalainika.

Habari ikafika kwamba treni iko njiani, imeshapita Tenke. Yaya alitoka asubuhi, kukiwa kweupe, kwa mlango wa nyuma. Mama Kuku alimfunga mtoto mgongoni mwake mwenyewe, akashika kuku jike chini ya kwapa, akatembea na Yaya hadi stesheni, na hakuna kijana aliyethubutu kumwuliza mama wa kiongozi wao amembeba nani. Mimi nilibeba sufuria ya maandazi. Kwenye behewa Yaya alinishika uso kwa mikono yake yote miwili. Mtoto hakuwa ameugua hata siku moja. Nilirudi nyumbani nikang'oa tawi mlangoni, likiwa limenyauka, na kuku wa Mama Kuku wakanifuata wakidai pumba.

Watu wengine walipewa nyumba ile. Walikuta shimo la tofali, wakaliziba kwa saruji, na sisimizi wakapata tundu jingine. Mume wangu amestaafu bila kustaafishwa, kama wengi. Mama Kuku alifariki akiwa anamgombeza mtu, kama alivyopenda. Mkwe wake anafuga kizazi kile kile cha kuku, na adabu haijaongezeka.

Msimu wa mvua uliopita alikuja mwanamke kijana na begi moja, amejaa vumbi la lori mpaka kwenye kope. Alisimama uani akiangalia mparachichi, akaangalia kuku wa ng'ambo, kisha akaniamkia kwa heshima na kuniuliza kama hapa ndipo palipokuwa na siafu. Sikuhitaji aseme zaidi. Ile mikono minene ilikuwa ya mama yake.

Nilimkumbatia mpaka begi likaanguka. Mama yake yu hai, akasema, bado anakaanga maandazi. Nilimwambia aingie alale kitandani, maana macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. Akakataa, kwa adabu, akasema hajachoka, atanisaidia kupika. Nikamketisha kwenye kiti cha uani, nikaleta majani ya muhogo, nikaanza kutwanga.

"Mama anasemaka, kule Kasai alipata shida na mi," akasema. "Sikukubali kulala. Alinibeba, akaniimbia, hapana. Mpaka siku moja jirani alitwanga, na mi nikalala. Kufika mwaka mzima, mama alikuwa anatwanga kinu bure, hakuna kitu ndani, juu mi nilale."

Nikaendelea kutwanga, polepole, kama nilivyofundishwa. Nilipoinua macho kumwomba chumvi, kichwa chake kilikuwa kimeanguka begani na mdomo umefunguka kidogo. Alikuwa amelala usingizi mzito. Kuku mmoja alikuwa anadonoa kamba za viatu vyake, nikamfukuza kwa mguu. Sombe ilikuwa imelainika kinuni zamani, lakini niliendelea kutwanga.